Kumlipia Madeni Si Kumtibu

Kikao cha familia kuhusu madeni ya kubeti siku hizi ni kitu cha kawaida Nairobi, na vyote nilivyokaa vilikwenda mwendo mmoja. Kijana yuko kwenye stuli karibu na mlango, simu kaibana katikati ya mapaja. Mjomba anafoka, mama analia, kisha watu wanachanga. Shailoki, yule mkopeshaji wa riba kubwa, analipwa, mikopo ya simu inafutwa, chai inanywewa. Mwezi haujaisha, mkeka mwingine wa kubeti umewekwa.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, uliweka uraibu wa kamari kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Umetaja dalili 9, na 4 ndani ya miezi 12 zinatosha kusema mtu anaugua. Mojawapo ni kutegemea wengine wamkwamue kifedha. Yaani mchango wetu umo kwenye orodha ya dalili! Nyingine mnazijua: kudanganya, kuongeza dau ndipo asisimke, kurudi kesho akomboe kilicholiwa leo.

Msikilize akisimulia mkeka wake: "Timu zote ziliingia, nimechaniwa na moja tu, dakika ya 90." Wewe unasikia hasara. Ubongo wake unaipokea karibu kama ushindi, unadai mkeka mwingine. Mjomba afoke mpaka usiku, hapo hafiki.

Anayefika ni mshauri aliyesomea kazi hiyo. Huketi naye wiki baada ya wiki, wakichambua imani kama "jana imekataa, leo lazima iingie", na kupanga atafanya nini hamu ikimshika mshahara ukiingia. Dawa ya naltrexone, inayotumika pia kwa walevi, huwasaidia baadhi. Hilo ni la daktari. Wataalamu hao wapo Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Nairobi, ila jina hilo tumelifanyia mzaha mpaka mgonjwa anaona aibu kupita getini.

Sheria mpya ya kamari ya 2025 ni sawa, lakini haiketi sebuleni kwetu. Kama ni lazima mlipe, mlipeni mdai mwenyewe, mshahara ushikwe na mkewe kwa muda, naye aombe akaunti zake za kubeti zifungwe.

Na kabla ya kuchanga, mmoja wenu amwite kando, mbali na mjomba, amuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na hospitali ni leo. Shailoki atangoja.