Sura Ukiificha, Adhana Itakutaja

Mtengenezaji wa filamu za hali halisi anayefuatilia wasanii wanaopenda watu wa jinsia yao husifiwa kwa matamasha aliyoalikwa. Kipimo changu ni kingine: mwaka mmoja baada ya filamu kutoka, je, waliohojiwa bado wanaishi pale pale? Kwa Mtwara swali hili ni zito. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu kujamiiana kinyume na maumbile, kinataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Na polisi asipokuja, kuna mwenye nyumba, kuna wajomba, kuna kipande cha sekunde 20 kinachozunguka WhatsApp.

Ugonjwa mkubwa wa fani hii ni kuamini ukungu unaowekwa juu ya uso wakati wa kuhariri. Mtu anarekodiwa uso wazi, mhariri anamfunika baadaye, basi. Lakini picha ghafi yenye sura kamili bado iko kwenye kadi ya kamera. Tena Mikindani au Chikongola watu hutambuana kwa mwendo, kwa pete, kwa kanga ya sare ya harusi, kwa ukuta wa mawe ya matumbawe wenye ufa. Mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hafuniki uso tu. Kinyago kiko kichwani na nguo imemeza mwili mzima.

Kwa hiyo ficha wakati wa kupiga. Dirisha liwe nyuma yake, taa za ndani zizimwe, kamera ipimie mwanga dirishani ili yeye abaki kivuli. Usimpige upande: pua na kidevu vinatosha kumtaja. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Ingiza picha kwenye programu ya kuhariri, pandisha mwanga wa sehemu zenye giza hadi mwisho. Ukiona midomo, umeshindwa, maana kamera za leo huhifadhi mengi gizani na mtazamaji mwenye kompyuta ataweza kuyatoa. Piga upya.

Mwaka 2020 David France, katika Welcome to Chechnya, filamu yake ya hali halisi kuhusu mashoga na wasagaji wanaoteswa Chechnya, alivika wahusika sura za watu waliojitolea, kwa kompyuta. Matokeo ni mazuri, ila ni kazi ya bajeti kubwa. Dirisha ni bure.

Sauti ndiyo inayosahaulika. Kuifanya nyembamba au nzito kwa kompyuta hakusaidii. Mtu ataigeuza kwa kiasi kile kile na kumsikia mwenyewe. Andika maneno yake, mpe mwigizaji ayasome. Mwigizaji huyo asiige lafudhi, na maandishi yachujwe: "shangazi wa Nachingwea" ni anwani tosha. Sauti ya asili itupwe yote pamoja na mandhari yake, kwa sababu mwadhini anajulikana kwa sauti yake, na anayemjua anaujua msikiti na mtaa.

Ridhaa iombwe mara tatu: kabla ya kupiga, baada ya kupiga, na baada ya mhusika kuiona filamu iliyohaririwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye maana, kwani anayeona pete yake ni yeye. (Kumwonyesha jirani ili kujaribu kama atamtambua ni kumchoma.) Fomu zenye majina na sahihi ni orodha ya kukamatia watu, tumia namba, na ufunguo wa namba hizo usikae nchini. Kadi zihamishiwe kwenye diski iliyofungwa kwa nywila ndefu jioni ile ile. Kufuta tu hakutoshi: jaza kadi kwa picha za ufukwe wa Shangani hadi ijae, ndipo uifute tena.

Wengine watasema filamu bila nyuso haina uhai. Sikubali. Msanii ana kazi yake: mikono yenye glavu ikichonga mpingo, mshono unaokamilika, wimbo ulioimbwa na mwingine. Kamera ikae hapo dakika nne bila kukata.

Orodha ya shukrani nayo ichunguzwe. Nyumba ya wageni, dereva wa bajaji na mama aliyepika wakitajwa kwa majina, mtaa umeshajulikana.