Skauti wa Ufilipino hawakuanzia kwenye sheria

Mjomba wangu, baharia wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi melini na Wafilipino, aliniachia noti moja ya peso 1,000. Ni ya buluu, imechakaa kwenye mikunjo, na ina sura tatu: wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wote watatu waliuawa wakati Wajapani walipoikalia nchi yao. Wawili kati yao, Josefa Llanes Escoda na Jenerali Vicente Lim, walikuwa waasisi wa skauti nchini humo. Mimi nimevaa skafu tangu darasa la nne, na mwalimu wetu alituhadithia Baden-Powell, mwasisi wa skauti duniani, na kaburi lake la Nyeri, basi. Habari za Wafilipino nimezitafuta mwenyewe kwa ajili ya noti hii.

Wengi huanza kuzisimulia kwa sheria. Tarehe 31 Oktoba 1936 Rais Manuel Quezon alitia saini sheria namba 111 iliyounda chama cha skauti cha Ufilipino, nacho kikazinduliwa rasmi 1 Januari 1938. Kabla ya hapo, tangu 1923, vijana walikuwa chini ya baraza la skauti wa Marekani lililoundwa Manila. Sawa. Ila huo ni mlango wa ofisi, si mlango wa nyumba.

Mlango wa nyumba uko kusini, Zamboanga, katika kisiwa cha Mindanao. Huko, Novemba 1914, luteni wa Kimarekani aitwaye Sherman Kiser aliunda kundi la kwanza la skauti Wafilipino, akisaidiwa na Caroline Spencer, mama wa Kimarekani. Kundi likaitwa Lorillard Spencer. Vijana wenyewe walikuwa Wamoro, yaani Waislamu wa kusini.

Hebu mfikirie mtoto wa Kimoro wa miaka kumi na miwili mwaka ule. Alikuwa na minne jeshi la Marekani lilipoua mamia ya watu katika mlima wa Bud Dajo, kisiwani Jolo, mwaka 1906. Alikuwa na kumi na mmoja lilipoua mamia tena Bud Bagsak, Juni 1913. Miezi kumi na saba baadaye, ofisa wa jeshi lilelile anawaita watoto wa Kimoro uwanjani wajifunze uskauti. Kila nikifika hapa nasimama. Wapo wasemao skauti ilikuwa njia ya kuwatuliza waliotawaliwa, na siwezi kuwakatalia. Lakini mtoto akishajua kufunga jeraha, ujuzi ni wake. Haurudishwi kwa aliyemfundisha.

Ndiyo maana Escoda ananigusa kuliko wote. Alizaliwa Dingras, Ilocos Norte, mwaka 1898, akawa mtumishi wa ustawi wa jamii. Mwaka 1939 alipelekwa Marekani kusomea uongozi wa skauti wa kike, akarudi akawafundisha viongozi wa kwanza, na tarehe 26 Mei 1940 chama chao kikapata hati yake. Mwaka uliofuata, Desemba, Wajapani wakavamia. Rasi ya Bataan, walikopigania Wafilipino na Wamarekani, ilipoanguka, wafungwa wa vita walijazwa kambini Capas, wakafa kwa njaa na maradhi. Mama huyu na wanawake wenzake wa vilabu vya akina mama wakawapelekea chakula, dawa na nguo, wakipitisha pia salamu za ndugu zao.

Mumewe Antonio, mwandishi wa habari, alikamatwa Juni 1944. Escoda mwenyewe alikamatwa 27 Agosti mwaka huohuo, akafungwa Fort Santiago, Manila. Mara ya mwisho kuonekana akiwa hai ilikuwa Januari 1945. Lim naye, ambaye mwaka uleule wa 1914 alikuwa Mfilipino wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, akauawa.

“Laging Handa,” ndivyo skauti wa Ufilipino wasemavyo. Maana yake, uwe tayari, kaulimbiu yetu skauti. Tulipokuwa tukiitamka kwenye gwaride, mimi nilidhani ni habari ya kamba, filimbi na moto wa kambi.

Mwaka 2022 ilitoka noti mpya ya plastiki ya peso 1,000, na mahali pa sura zile tatu pamewekwa tai. Tai wa Ufilipino ni ndege adimu na anastahili heshima, lakini kumtoa Escoda kwenye noti naona ni kosa. Watoto walimshika mkononi kila walipotumwa dukani, na kuna mzazi aliyeulizwa, “Mama huyu ni nani?”