Hii [0] ya Django itaniua

Jamani, hii sifuri ya kwenye mabano, ya kuchukua rekodi ya kwanza kwenye Django (zana ya Python ya kujengea tovuti)! Jana usiku, kwenye wateja (matokeo ya kuulizia hifadhidata), nimeandika wateja[0].simu = namba mpya, mstari wa pili wateja[0].save() ili kuhifadhi. Hakuna kosa lililotokea. Naangalia hifadhidata: namba ni ileile ya zamani. Saa mbili nimekodoa macho, chai imepoa, kumbe kama matokeo hayajapakiwa, kila ukiandika [0] Django inakwenda kuchota rekodi upya. Yaani nilibadilisha kitu kimoja, nikahifadhi kingine! Si ingepiga hata kelele kidogo? Maana ukiiomba [-1], yaani cha mwisho, ambacho orodha yoyote ya Python yenye kitu inakupa bila maneno, hapo ndipo inapokuja juu. Na jedwali likiwa tupu, [0] inakurushia IndexError (kosa la kuomba nafasi isiyokuwepo) usoni. Sasa naita first(), inayonipa rekodi ya kwanza, naiweka kwenye kigeu, ndipo naibadilisha na kuihifadhi hiyohiyo. Roho bado inauma.