Fundi, umejuaje?

Gari langu ni IST, injini 1NZ, ile ile iliyojaa kwenye Vitz, Raum na Probox za Dar. Lilianza kunisumbua kwenye foleni. Likitembea halina neno. Nikisimama kwenye taa, usukani unacheza mkononi, maji ya kwenye chupa yanatetemeka, na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika tu, hata boneti hajafungua. "Dada, hiyo pampu ya mafuta." Nikanunua pampu. Baada ya siku mbili ikawa plagi. Halafu nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini zikasafishwa. Halafu ikawa "mafuta ya siku hizi machafu", na hapo mtu huna cha kujibu, japo mafuta yanawekwa vinasaba vya kunasa uchakachuaji tangu 2010 na jirani yangu anayejaza kituo kile kile gari lake limetulia tuli. Laki nne na ushee zikawa zimekwenda, na hakuna aliyekuwa amepima kitu chochote.

Simlaumu fundi peke yake. Sisi wateja tunalipa kubadilisha, kutafuta hatulipi. Fundi akitumia saa nzima kukagua kisha akadai elfu ishirini, tunanuna: "Umefanya nini sasa?" Lakini akituuzia pampu tunatoa hela bila kelele kwa sababu tumeiona kwenye boksi. Tumewazoesha kubahatisha, nao wamezoea.

Na kwa kweli dalili zangu zilikuwa zinaikana pampu tangu siku ya kwanza. Injini ya silinda nne ikiwa sailensa huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda hupiga mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo ni mara 350 kwa dakika. Moja ikigoma, pengo linasikika mpaka kwenye kiti. Ukikanyaga mafuta, mapigo yanasogeleana, flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inapata kasi na pengo linajificha. Pampu iliyochoka hufanya kinyume: inakuumbua kwenye mlima au ukitaka kuovateki, injini inapodai mafuta mengi. Kwenye taa nyekundu injini inakunywa kidogo sana, hata pampu mgonjwa inamudu.

Fundi wa pili, kijana mmoja wa Ilala, nilimpelekea gari nikiwa nimeshakata tamaa. Hakuniambia ninunue kitu. "Mama, acha ingurume tuone nani kalala." Akaanza kuchomoa soketi za koili, zile zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi za kila silinda, moja moja. Ya kwanza, injini ikayumba nusura izime. Akarudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu akachomoa, na injini haikujali kabisa, ikaendelea kutetemeka kama ilivyokuwa. "Huyu hapa."

Lakini hakusema koili imekufa, na hapo ndipo aliponikosha. Silinda inaweza kulala kwa sababu ya koili, plagi, nozeli, au hata kukosa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani yake. Akazima gari, akachukua boksi spana namba kumi, akafungua bolti moja moja, koili ya tatu akaipeleka ya kwanza na ya kwanza akaileta ya tatu. Akawasha, akarudia kuchomoa. Sasa aliyelala alikuwa wa kwanza. Ugonjwa umehama na koili, basi ni koili. Dakika kumi, shilingi sifuri.

Wenye mashine ya kusoma hitilafu wangeona kodi P0303 ikigeuka P0301, maana tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Kile kidude changu cha kuunganisha na simu kiligoma kulisoma gari. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana lugha yao.

Kisha akamulika tochi kwenye tundu la plagi. Oili. Gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, na sili zake zilikuwa zimekakamaa, oili ikashuka taratibu, na ule mpira wa chini wa koili umevimba na kulainika kama bigjii iliyotafunwa. Ningeweka koili mpya bila gasketi, nayo ingefuata njia ile ile.

Kama koili zote zingekuwa nzima, hatua ya pili ingekuwa hewa ya wizi: mpira uliopasuka unaingiza hewa ambayo sensa haikuihesabu, hasa ule mdogo wa kutoa mvuke wa oili unaojificha nyuma ya manifodi. Wakati mwingine unausikia ukipuliza kabisa. Baada ya hapo ni kusafisha throtl, mlango wa kuingizia hewa. Hizo ni kazi za bei ndogo, ndiyo maana ni ajabu huwa zinafanywa mwisho.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kuendesha hivyo wiki tatu. Silinda iliyolala inamwaga petroli mbichi kwenye ekzosi, inakwenda kuungulia ndani ya masega yanayosafisha moshi, na kuyaharibu. Taa ya injini ikianza kuwakawaka badala ya kuwaka tu, paki gari.

Nilimlipa kijana hela ya koili, gasketi, na elfu thelathini ya kutafuta. Aliishangaa hiyo ya mwisho. Gari limetulia, ila nikiwa kwenye D na breki nimekanyaga bado kuna mtetemo kidogo, na nikiweka N unapotea. Mshale wa mizunguko hauchezi hata kidogo, kwa hiyo safari hii nimejijibu mwenyewe: mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Itasubiri mshahara.