Simu mpya zinakuja, mi nasubiri betri ya kuchomoa

Jumamosi moja nimekaa kwenye stuli ya plastiki mtaa wa Aggrey, Kariakoo, namwangalia fundi anaipasha simu yangu moto kama chapati. Betri ilikuwa imevimba. Nlianza kuhisi kitu hakiko sawa siku nimeiweka mezani nikaigusa kidogo ikazunguka kama pia, mgongo umetuna katikati, na pembeni kifuniko kimeshaanza kubanduka. Basi fundi akaipasha, akapitisha kile kiplastiki chembamba kama cha kupigia gitaa, kifuniko kikatoka vizuri tu, shida ikawa betri yenyewe kwa sababu nayo imegandishwa kwa gundi ndani, na chini yake ukitoa bati jembamba ndo kuna kioo. Anasukuma mdogo mdogo, gundi inavutika kama bigijii, anapumzika, anasukuma tena, halafu nikasikia "tik". Kasauti kadogo tu. Nikamwangalia, akaniangalia. Kuja kuwasha, mstari wa kijani toka juu mpaka chini.

Nlienda na shida ya betri ya 35,000 nikarudi na shida ya kioo cha 120,000. Fundi wa watu kajisikia vibaya hadi akanisamehe hela ya ufundi, na mi kusema ukweli sikumlaumu, unamlaumu vipi mtu aliyepewa kitu kilichogundishwa kisifunguliwe halafu unamwambia kifungue?

Toka siku hiyo mtu akinitumia video ya simu inayokuja, na mdogo wangu anazituma kila siku maana yeye na simu ni kama watu wengine na mpira, mi naangalia kitu kimoja tu. Hii betri inatokaje?

Wenzangu wa zamani mnaikumbuka BL-5C. Ile betri ya Nokia, 1100, 1110 na ndugu zao wengine kibao, unafungua mgongo kwa kidole gumba, unaichomoa, unaifuta kwenye suruali, unarudisha. Simu ikianguka inatawanyika vipande vitatu, unaokota, unaunganisha, unapiga. Sio kwamba ilikuwa malaika, mwaka 2007 Nokia wenyewe walitoa tahadhari ya betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita kwamba zinaweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchaji, lakini ona walichowaambia watu: angalia namba ya betri yako, kama imo tutakubadilishia. Betri, sio simu. Na mpaka leo viredio vidogo vya kichina vya pale pale Kariakoo vinatumia betri hiyo hiyo, simu zimekufa betri inadunda.

Sasa habari iliyonifurahisha kuliko kamera zote ni ya Ulaya. Umoja wa Ulaya wana sheria ya betri, kuanzia tarehe 18 Februari 2027 kifaa cha mkononi kinachouzwa kwao kiwe na betri ambayo mwenye nacho anaweza kuitoa na kuibadilisha mwenyewe. Utaniambia Ulaya na sisi wapi na wapi. Haya, kumbuka chaja. Ni hao hao waliosema chaja iwe moja, taipu C kwa wote, mwisho Desemba 2024, na Apple waliokuwa wanang'ang'ania tundu lao wakabadilisha mapema kwenye iPhone 15 Septemba 2023, na hawakutengeneza ya Ulaya peke yake, wakabadilisha dunia nzima. Leo hapa ofisini kwetu waya mmoja uko kwenye soketi ya karibu na dirisha, wa iPhone anachaji, wa Tecno anachaji, wa Samsung anachaji, ule ugomvi wa "nani kachukua chaja yangu" umebaki kwa aliyeiba kichwa tu. Hatukupiga kura sisi lakini tumekula matunda.

Ila kuna mlango wa nyuma, nao nimeusoma mara mbili nikiwa nimekunja uso. Kwa simu, kampuni ikionyesha kwamba betri yake baada ya kuchajiwa mara 1,000 bado inashika angalau asilimia 80, na simu yenyewe haiingii maji wala vumbi, inaruhusiwa kuiacha imefungwa mpaka aje fundi. Mara 1,000 kwa mtu anayechaji kila siku ni karibu miaka mitatu. Kwa mtu wa Munich labda inatosha, miaka mitatu ashabadilisha. Mimi simu ya miaka mitatu ndo kwanza naimaliza kulipia, halafu namrithisha mama, mama akichoka anampa binamu kijijini, kwa hiyo hizo simu za bei mbaya nina wasiwasi zitapita zote kwenye huo mlango kwa mstari mmoja.

Kwa upande wa ukubwa wa betri lakini kuna kazi inafanyika, tena na Wachina. Samsung Galaxy S20 Ultra ya 2020 ilikuwa na betri ya 5,000 mAh, hicho ndo kipimo cha chaji betri inayoweza kubeba, S25 Ultra ya 2025 ina 5,000 vilevile, miaka mitano hamna kitu. Huku nyuma kina Honor wakaleta betri za silikoni na kaboni, na 2025 Honor Power ikatoka na 8,000 mAh kwenye simu ya unene wa kawaida. Siri yake ni kwamba silikoni inabeba lithiamu nyingi kuliko ile grafiti iliyozoeleka, tatizo lake ikijaa chaji inatanuka, ndo maana wanaichanganya na kaboni kuituliza. Neno kutanuka nikilisikia sasa hivi nashika mfuko, lakini 8,000 jamani. Hiyo ni asubuhi ya leo mpaka kesho jioni, mgao uje usije.

Halafu mwaka huo huo wengine wakaona tatizo la dunia ni simu nene. iPhone Air milimita 5.6, Galaxy S25 Edge milimita 5.8 na betri ya 3,900. Nani aliomba? Mimi simu nikinunua siku hiyo hiyo naivalisha kava la mpira nene kama kandambili, sasa huo wembamba nitauonea wapi? Na zile za kukunja, Huawei wana Mate XT ya mikunjo miwili toka Septemba 2024, nzuri, nimeiona kwenye video inapendeza, ila kwa vumbi la barabara ya kwetu hiyo bawaba sijui itafunga mara ngapi kabla haijaanza kulia kama mlango wa choo cha nje.

Kinachonitisha hasa ni hii ya kuondoa tundu la laini. iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu toka iPhone 14 mwaka 2022, ndo maana zile za kutumwa na shangazi aliyeko huko watu wanakuja kushtukia wakishafika dukani na laini mkononi. iPhone Air ndo haina popote duniani, ni eSIM tu, yaani laini iliyojengewa humo humo ndani ya simu, haichomoki. Najua faida yake, mwizi kitu cha kwanza anachomoa laini anatupa mtaroni, hii hawezi kuichomoa. Lakini nisikilize. Simu inazima saa mbili usiku niko Mbagala, nauli iko kwenye M-Pesa. Nafanyaje? Nachomoa laini, nachomeka kwenye kitochi changu, napiga *150*00#, wakala ananipa hela yangu, napanda gari narudi nyumbani. Sijahitaji bando wala chaji wala kumbembeleza mtu. Laini ya kutoka mkononi kwetu sisi ni pochi, na pochi inatakiwa iweze kuhama suruali. Mnaoshabikia eSIM nielezeni simu ikiwa imekufa pochi inahamaje.

Na hapo hapo niwasemee wapenzi wa redio. Tundu la earphone Apple waliliondoa 2016 kwenye iPhone 7 na wengine wakafuata, tukaambiwa waya ni ushamba. Sawa. Lakini ile redio ya FM ya ndani ya simu, isiyokula bando hata senti, inatumia waya wa earphone kama antena, hauna waya hauna redio. Baba mzee wangu anasikiliza Simba na Yanga na earphone za 2,000 za kituo cha daladala, sikio moja peke yake ndo linafanya kazi, na yuko mbele ya wanaotazama kwenye intaneti kwa dakika nzima, anashangilia goli wakati wao bado wanaona kona. Vile vya kuweka masikioni visivyo na waya ninavyo, sivikatai, ila cha kushoto kilidondoka kwenye bodaboda maeneo ya Tazara na hiyo habari imeishia hapo.

Haya, nisionekane napinga kila kitu. Kuna kimoja kimekuja nimekipenda mpaka nimewawashia watu wote nyumbani. Google walitangaza Mei 2024 kitu cha kwenye Android cha kugundua simu imekwapuliwa. Simu inasoma mwendo wake yenyewe, ikihisi imenyakuliwa ghafla na aliyenayo anakimbia au kapanda pikipiki, inajifunga kioo. Kwa mtu wa Dar aliyewahi kupitiwa na vishandu hii haihitaji maelezo. Nikataka kuijaribu, nikamwambia mdogo wangu jifanye mwizi. Mara ya kwanza kaja akaichukua kwa adabu kama anapokea chai, haikufunga. Nikamwambia wewe ni mwizi au mgeni? Mara ya pili akanyakua akatembea. Mara ya tatu akaivuta kweli, akatoka nduki mpaka kwenye mwembe wa jirani, jirani naye akatoka na ufagio kujua kuna nini, na simu ikajifunga. Nilipiga makofi. Ipo kwenye mipangilio, sehemu ya Google, inataka Android 10 kwenda juu. Kaiwashe, na ukijaribu waambie majirani kwanza.

Hii akili mnemba nyingine wanayoitangaza ndo bado hatujaelewana. Samsung walipoanza na Galaxy AI Januari 2024 ya kutafsiri simu unavyoongea, lugha zilikuwa 13, Kithai kimo, Kipolandi kimo, Kiswahili hamna. WhatsApp wakaleta Novemba 2024 kugeuza voisi noti iwe maandishi, nikafurahi mno, nikaenda kutafuta Kiswahili, hamna. Na mi ndo mwenye shida nayo hasa! Mama yangu yuko Tanga, anatuma voisi ya dakika sita, anaanza na salamu, anapita kwa majirani, kuku aliyepotea, bei ya nazi, na kwenye dakika ya tano na nusu anasema "sasa kilichonifanya nikutafute". Mimi niko kwenye kikao. Siwezi kusikiliza, siwezi kuruka maana ukiruka unakosa jina la aliyefiwa. Nipe hapo maandishi, hata yakosee kosee, nikimbize macho mpaka kwenye "kilichonifanya nikutafute". Huyo atakayeniletea hicho kwa Kiswahili cha mama, sio Kiswahili cha taarifa ya habari, hela yangu ataichukua. Kufuta watu kwenye picha abaki nako.

Kuhusu programu sina mengi. Kila mtu ana yake sasa hivi, benki, maji, king'amuzi, duka la nguo, na kila moja inataka nafasi na inataka kujua niko wapi na kina nani wako kwenye simu yangu, simu ya GB 32 inajaa kabla hujapiga picha hata moja. Luku nanunua kwa zile nyota na reli, sekunde ishirini, tokeni hiyo.

Wiki iliyopita nikarudi kwa fundi kubadilisha protekta, mstari wa kijani bado upo, nimeshauzoea kama alama ya ndui. Nikampa habari za 2027, betri za kutoa mwenyewe, na kwamba Ulaya tayari toka Juni 2025 simu mpya za huko lazima spea zake ziendelee kupatikana miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Nikadhani atanuna, maana namwambia kazi yake inakufa. Akacheka.

"Dada, sasa hiyo betri wanaiuzia wapi?"

"Huko huko."

"Ehee," akasema, akavuta simu ya mteja mwingine akaiweka kwenye moto. "Basi mwambie shangazi yako akituma simu atume na betri mbili."