Haji, sava imewaka, shida si kuwasha

Jamani nani aliwaambia watu sava ya barua pepe ni kitu cha kubonyeza tu? Hapa Malaba, mpakani upande wa Uganda, sisi tunaklia mizigo, karatasi za Mombasa zinatakiwa zifike kabla ya lori, na bosi wetu Haji kakaa hapo mlangoni na chai yake, kila nikipita ananiuliza, "Kijana, si uiwashe tu?" Haji, niwashe nini tena! Imewaka toka asubuhi, inatuma vizuri, ni wale wa Mombasa barua zetu zinatupwa kwenye spamu!

Halafu haya maelezo ya Postfix, programu inayoendesha hiyo sava. Yapo, tena mengi hadi macho yanauma, ila yanasaidia zaidi mtu ambaye tayari anajua. Ukifika kwenye mynetworks, yaani mitandao inayoruhusiwa kutuma barua kupitia sava yako, unaambiwa weka unayoiamini. Mtandao gani nauamini mimi hapa Malaba, mahali ambapo simu yangu nikisogea kidogo tu kuelekea mpakani inashika laini ya Kenya inanikaribisha na romingi!

Aliyenitangulia hii kazi naye akaamua kufafanua. Mungu amlipe kwa nia yake. Kafungua main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, kwenye orodha ya vikoa vyetu, yale majina yanayokaa baada ya @, mwisho wa mstari uleule kaweka alama ya reli # halafu kaandika "hii usiguse". Sasa Postfix alama hiyo inaiheshimu ikiwa mwanzo wa mstari tu, ukiiweka mwishoni yote inasomwa kama sehemu ya jibu, kwa hiyo kumbe sava yetu siku zote hizo inajua ina kikoa kinachoitwa usiguse. Na ole wako uanze mstari na nafasi ili faili lipendeze, mstari huo unahesabiwa ni mwendelezo wa ule wa juu. Nimehamisha kila ufafanuzi ukae mstari wake peke yake na watu wa ofisi wananiona nacheza.

Ili barua zetu ziaminike, SPF nikaiweka, ile ya kutaja sava zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, DKIM nikaweka, ile sahihi ya kwenye barua, ikabaki PTR, ile ya kuonyesha IP yetu, namba ya sava mtandaoni, ina jina gani, na hiyo wewe huiweki, anaiweka mwenye IP. Nikapigia kampuni ya intaneti, nikaeleza weee mpaka salio linalia, kijana wa huko akanisikiliza kwa adabu kabisa akasema, "Ssebo, umejaribu kuzima modemu halafu uiwashe?"

Na barua ikikwama Postfix haikuambii kitu, inajaribu inajaribu, usipobadilisha ni mpaka siku 5 ndo inakurudishia. Siku 5! Lori lishafika Juba, dereva kashakula samaki.

Juzi PTR ikakubali, Mombasa wakapata, nikashusha pumzi. IP yenyewe bado ngeni, inatakiwa itume kidogokidogo izoeleke, isije ikaonekana ya matapeli. Haji kusikia imepona kaja na daftari, wageni wote wa harusi ya binti yake, Kampala mpaka Eldoret, anataka mialiko itoke leo, kwa mpigo mmoja, kila mmoja na picha ya maharusi.