Nilivyomlisha Adui Shujaa Wangu

Haya jamani, kwa kuwa swahiba wangu keshawapakulia kisa hiki kwenye makundi yote ya WhatsApp kuanzia Bombo hadi Arua, na kila kinakopita kinaongezwa chumvi, mwacheni mwenye aibu yake asimulie. Kwanza kabisa: sikuzimia. Niliinama kufunga kamba za viatu. (Ndiyo, nilikuwa nimevaa kandambili. Tuendelee.)

Bintiradi, shujaa wa katuni ninazochora, mnamjua, nimewachosha naye miaka miwili sasa. Fundi wa pikipiki pale Katwe, Kampala, akipigwa na radi ya Ziwa Victoria anapaa. Sikutaka shujaa wa nguo ya kuogelea na mkanda wa dhahabu. Wonder Woman yupo tangu 1941, anatosha. Wangu ana ovaroli yenye mafuta na mabuti ya namba 42. Hayo mabuti yakumbukeni.

Kitabu kina kurasa 24, kimepigwa pini mgongoni. Karatasi zinakunjwa, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa 4, na pale katikati, wa 12 na wa 13, ni karatasi moja iliyofunguka. Hapo ndipo mchoraji anaweka picha yake ya kutambia. Nikamlaza Bintiradi hewani akipaa: mabuti na miguu ukurasa wa 12, kifua, mikono na kichwa wa 13. Wiki tatu nzima. Mkono wa kushoto peke yake niliufuta mara tisa.

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka faili kwa wachapaji wa Nasser Road, shetani wa shukrani akanipanda. Shangazi ndiye aliyetoa hela za uchapaji, nami nikaona ni utovu wa adabu kutomtaja. Nikachomeka ukurasa wa shukrani mwanzoni, nikafuta ule mtupu wa mwisho ili zibaki 24. Hesabu imekaa sawa, nikalala usingizi wa watakatifu. Fundi wa mashine, aliyekuwa amezama kwenye mabango ya wagombea hadi kidevuni, akaniuliza kama nataka nakala moja ya kujaribia. Nikamwambia, "Ssebo (yaani bwana), piga tu zote 200."

Ukurasa mmoja mwanzoni husukuma zote za nyuma yake hatua moja. Hilo nilikuja kulielewa Jumapili, uani kwa shangazi Bombo, mbele ya majirani, chai ya maziwa na watoto wa madrasa kama kumi na watano.

Binti wa jirani, miaka tisa, sauti ya mwadhini, ndiye aliyepewa asome. Akafika katikati. Akanyamaza. Mimi huku nimejiweka sawa kwenye mkeka, najua ni uzuri wa picha uliomkata ulimi.

Kushoto: adui, mnyang'anyi wa viwanja, anacheka kinywa wazi hadi kimeo kinaonekana, na kiputo chake kinasema "BADO SIJASHIBA!" Kulia: mabuti namba 42 na miguu miwili, kiwiliwili hakuna. Soli zimegusana na meno yake sawasawa, usahihi ambao nisingeupata hata kwa rula.

"Ba-do si-ja-shi-ba," mtoto akasoma. Kidole chake kikatoka kinywani mwa adui, kikavuka pini, kikapanda buti, kikafika gotini, kikapanda paja, kikaishia ukingoni mwa karatasi. Akainua macho akanitazama mimi.

"Amemla."

Kuna mtu aliweka kikombe chini. Nikasikia kijiko kikigonga sahani.

"Funua unaofuata," nikasema, na hilo ndilo kosa langu la pili. Maana huko kushoto kuna nusu ya juu ya Bintiradi, mikono mbele, anakwenda kwa kasi, na kulia, palepale anakoelekea, yuko bibi yake mbele ya karai la mandazi, anasema: "Karibu mwanangu, mafuta yameshachemka."

Bibi huyo nilimchora kwa kumtazama shangazi. Leso ileile, miwani ileile yenye mkono uliofungwa uzi. Shangazi akakichukua kitabu. Akakisogeza mbali. Akakisogeza karibu.

"Mwanangu," akasema, kwa ule upole wake wa kutisha, "yaani mtoto wa watu kaliwa nusu, na nusu iliyobaki mimi ndiye ninayeikaanga?"

Hapo ndipo nilipoinama kufunga kamba za kandambili.

Mengine mafupi. Kijana mmoja akagundua kwamba ukurasa wa 17 Bintiradi yu mzima, anakula mandazi, ukazuka mjadala wa mandazi hayo yametiwa nini. Nakala 31 zikauzwa pale pale, wote wanataka ukurasa wa katikati. Swahiba akapiga picha. Mliyoyaona, mmeyaona.

Kesho narudi Nasser Road. Ukurasa wa shukrani nimeuondoa, miguu imerudi kwa mwenyewe.

Shangazi bado sijamwambia.